Raga ya shule: usajili umekuwa njia ya kukwepa kufundisha

Fainali ya Kombe la Dunia la raga ya mwaka 2019 mjini Yokohama iliisha Afrika Kusini ikiwa na pointi 32 na Uingereza 12. Trai zote mbili za washindi (trai ni kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani) zilifungwa na mawinga ambao skauti wa raga ya shule angewapita bila kugeuka. Wa kwanza, Makazole Mapimpi, alikulia kijijini Tsholomnqa, Rasi ya Mashariki, akasoma shule isiyo na jina lolote kwenye raga, na hakuwahi kuchaguliwa kwenda Craven Week, tamasha la timu za majimbo za vijana wa chini ya miaka 18 ambalo limekuwa dirisha kuu la vipaji nchini humo tangu 1964. Jezi ya taifa aliivaa mara ya kwanza 2018, akikaribia kutimiza miaka 28. Wa pili, Cheslin Kolbe, ana urefu wa takriban meta 1.72. Kwa miaka mingi aliambiwa mwili wake haufai kwa raga ya wachezaji 15, hadi alipohamia klabu ya Toulouse mwaka 2017 na Ufaransa ikawaonyesha wenzake wa nyumbani walichokuwa nacho.

Nahodha wao siku ile, Siya Kolisi, alipitia mlango tofauti kabisa. Akiwa na miaka 12, mtoto wa mtaa wa Zwide huko Port Elizabeth, alionekana kwenye mashindano ya vijana Mossel Bay, akapewa ufadhili wa masomo na kuingia Grey, shule yenye mila ndefu ya mchezo huu. Hadithi yake ndiyo hutolewa kila mara mtu anapotetea usajili wa wachezaji mashuleni. Nitairudia baadaye, maana wengi wanaoitaja wanaruka sehemu yake muhimu zaidi.

Watu watatu hawathibitishi chochote, najua. Kwa kila Mapimpi kuna mamia ya wachezaji wa kimataifa waliotoka shule zilezile kumi au ishirini za kila mwaka. Mchambuzi anayejenga hoja juu ya nyota mmoja aliyechelewa kuonekana anacheza na hisia za msomaji. Kwa hiyo tuangalie kundi zima. Watafiti wa Afrika Kusini waliwafuatilia wavulana 349 waliocheza Craven Week ya chini ya miaka 13 mwaka 2005. Hao ni watoto walioteuliwa na majimbo yao, wakavishwa jezi rasmi, na huko nyumbani wakaanza kuitwa Springbok, yaani wachezaji wa timu ya taifa, wa kesho. Miaka mitano baadaye, mwaka 2010, ni takriban robo yao tu waliokuwemo kwenye Craven Week ya chini ya miaka 18. Robo tatu nyingine walikuwa wamepitwa na vijana ambao mwaka 2005 hakuna aliyewaona.

Sijui biashara nyingine ambayo mnunuzi angekosea mara tatu kati ya nne na bado akaitwa mwenye jicho la kipaji.

Sababu kubwa ya makosa hayo haina siri yoyote. Mvulana hurefuka kwa kasi kubwa kuliko wakati wowote anapokuwa na miaka 14 hivi, lakini hiyo ni wastani tu: mmoja hufika hapo akiwa na 12, mwingine akiwa na 16. Misuli na uzito hufuata miezi kadhaa baada ya urefu. Ukipanga mstari wavulana wa miaka 13 waliozaliwa mwaka mmoja, unaweza kukuta wawili ambao miili yao imepishana kwa miaka mitatu au zaidi. Mmoja ana ndevu zinazoanza na mapaja ya mtu mzima. Mwenzake sauti bado haijavunjika. Wape mpira wa raga, mchezo ambao mwili unagongana na mwili, kisha mwulize kocha yupi ana kipaji. Ongeza na tarehe ya kuzaliwa: pale mwaka wa mashindano unapohesabiwa kuanzia Januari, mtoto wa Januari anashindana na wa Desemba aliye mdogo kwake kwa karibu mwaka mzima. Upendeleo huo ulianza kuandikwa na watafiti wa magongo ya barafu Kanada katika miaka ya 1980, na tangu hapo umeonekana karibu kila mchezo wa vijana ulipochunguzwa.

Kinachonisumbua zaidi kuliko uteuzi wenyewe ni kile ambacho wavulana hawa wawili wanajifunza katika miaka hiyo. Yule mkubwa anagundua mapema kwamba tatizo lolote uwanjani lina jibu moja: shika mpira, nyoosha, pita juu ya watu. Jibu hilo linafanya kazi Jumamosi baada ya Jumamosi, kocha anashangilia, baba yake anarekodi video kando ya uwanja. Hana haja ya kutoa pasi ya mkono wa kushoto, wala ya kuangalia bega la mlinzi lipo upande gani. Mwenzake mdogo, kama hajakata tamaa, anajifunza kinyume chake: kuachia mpira kabla hajafikiwa, kubadili mwelekeo, kumwangusha mtu mzito kwa kuingia chini kwenye miguu. Wakifika miaka 17 miili yao imelingana. Wa kwanza anakutana na walinzi ambao hawaanguki tena, na sanduku lake la maarifa lina kifaa kimoja. Wa pili angekuwa mchezaji bora kuliko yeye, ila kwenye timu nyingi hayupo. Aliwekwa timu ya tatu akiwa na miaka 13, akafundishwa na yeyote aliyekuwa na nafasi siku hiyo, akahamia mpira wa kikapu.

New Zealand walilishughulikia hili zamani kwa kupanga madaraja ya watoto kwa uzito, hasa Auckland, ambako tofauti za miili ya watoto ni kubwa sana. Baadaye, michezo kadhaa, soka ya akademia za Uingereza ikiwemo, ilianza kujaribu kupanga vijana kwa hatua ya ukuaji wao badala ya tarehe ya kuzaliwa. Uzito peke yake si kipimo kamili: kuna mtoto mzito wa miaka 12 ambaye ni mtoto kabisa kichwani na kwenye mifupa, na ukimpandisha acheze na wa miaka 15 umemtendea ukatili. Lakini kama sehemu ya mazoezi, si ligi nzima, kuwachanganya vijana kwa ukubwa mara moja kwa wiki kunafanya jambo ambalo hotuba haiwezi. Mkubwa anakutana na wakubwa wenzake na kulazimika kutumia akili. Mdogo, kwa mara ya kwanza msimu huo, anapata nafasi ya kuamua kitu uwanjani bila kukanyagwa. Hata sheria za mchezo zinakiri kwamba mwili wa kijana ni suala la pekee: kwenye mechi za chini ya miaka 19, skramu, pale mafowadi wa timu mbili wanaposhikana na kusukumana kugombea mpira, hairuhusiwi kusukumwa zaidi ya meta 1.5.

Sasa tuje kwenye usajili.

Kwa kawaida mambo huenda hivi. Shule kubwa ina kikosi cha kwanza ambacho ni sura yake mbele ya umma. Wahitimu wa zamani wanachangia fedha, na wanachangia zaidi timu inaposhinda. Mkuu wa shule anajua kwamba wazazi wanaotafuta nafasi huangalia matokeo ya mitihani na matokeo ya Jumamosi, si lazima kwa mpangilio huo. Kocha mkuu, ambaye siku hizi mara nyingi ni mwajiriwa wa raga tu na hafundishi somo lolote, anajua mkataba wake unategemea msimu mmoja au miwili. Kwenye mazingira hayo, kumjenga mvulana wa miaka 13 ni uwekezaji utakaovunwa na kocha mwingine. Kumchukua wa miaka 17 aliyekwisha kuiva kutoka shule ndogo ya jirani, kwa ada iliyofutwa na kitanda cha bweni, ni ushindi wa Jumamosi hii. Siwalaumu makocha kwa kuchagua la pili. Tumewapimia kwa kipimo kinachowalazimisha.

Gharama yake haionekani kwenye ubao wa matokeo, ila ipo, na wanaoilipa ni watatu. Shule ndogo, kwanza: ilimfundisha kijana miaka minne kwa mwalimu mmoja wa kujitolea, na siku alipoanza kuwa na faida akaondoka, pamoja na hamu ya wenzake waliokuwa wakijivunia kucheza naye. Ukifanyiwa hivyo miaka mitatu mfululizo, unaacha kuwa na timu. Wa pili ni kijana mwenyewe aliyehamishwa, ambaye amewekwa mahali pageni katika miaka yake ya mwisho ya shule kwa sababu moja tu, goti lake likiwa zima. Likichanika Mei, hakuna anayejua vizuri yuko pale kufanya nini.

Wa tatu hazungumziwi kabisa. Ni yule aliyeingia shule ile akiwa na miaka 13, akachezea timu ya tatu, akapanda ya pili, akavumilia miaka minne ya mazoezi ya alfajiri akisubiri zamu yake kwenye namba 12, nafasi ya senta katikati ya safu ya nyuma. Mwaka wa mwisho ukafika, na mwezi wa kwanza akatokea namba 12 mpya ambaye hajawahi kumwona. Mwulize kocha akwambie alimweleza nini kijana huyo. Mara nyingi hakumweleza chochote. Karatasi ya majina ilibandikwa ukutani na kila mtu akajisomea. Wadogo wote wa shule ile waliiona karatasi hiyo. Na wao ndio utakaowataka wavumilie miaka minne ijayo.

Desemba 2018 jambo hili lilipasuka hadharani huko Auckland. Shule 10 za daraja la juu, 1A, zilitangaza kwamba hazingecheza na kikosi cha kwanza cha shule moja pinzani msimu wa 2019, zikilalamikia jinsi ilivyokuwa ikikusanya wachezaji kutoka kwingine. Kabla ya msimu kuanza zikaafikiana masharti mapya, na mechi zikachezwa. Ukisoma tukio hilo kwa haraka utasema ni kisa cha mwizi mmoja na majirani 10 waadilifu. Mimi nalisoma tofauti kidogo: shule kadhaa kati ya zile zilizogoma nazo zina historia ya kupokea wachezaji kutoka nje. Mgomo ule ulikuwa kama kikao cha kusimamisha mbio za silaha, ambapo kila mmoja amechoka kutumia fedha ila hakuna anayethubutu kuwa wa kwanza kuacha. Shule hizohizo, kuanzia 2022, zilikwenda hatua nyingine na kukataa mechi zao zisirushwe moja kwa moja kwenye televisheni, zikitaja shinikizo linalowaangukia vijana. Wapo waliowacheka, wakasema wanaficha mchezo. Nadhani walikuwa sahihi. Kamera ikishafika uwanjani, mvulana wa miaka 16 anayekosa penalti anakosa mbele ya watu wasiomjua, na kabla hajavua viatu kipande chake kimeshasambaa kwenye simu.

Kuna pingamizi moja la kweli, nalo linastahili jibu lenye uzito. Ukizuia usajili, unamfungia mlango mtoto wa maskini. Shule yake haina uwanja wenye nyasi wala mtaalamu wa viungo, wala maktaba yenye vitabu vya kutosha. Ufadhili wa raga ndio ngazi pekee aliyonayo, na mtu aliyeshiba asimhubirie juu ya usafi wa mchezo.

Hapa ndipo hadithi ya Kolisi inapohitaji kusomwa yote. Alichukuliwa akiwa na miaka 12. Kwenye majaribio yaliyomfungulia njia hakuwa na hata kaptula ya raga. Hakuwa jitu, alikuwa mdogo wa umbo kwa miaka kadhaa na alirefuka baadaye. Shule ilimpokea kwenye ngazi ya msingi, ikampa miaka sita ya masomo, Kiingereza, chakula na ukocha, bila kujua kama atakuwa mchezaji wa maana. Mkataba wa namna hiyo unamwacha mtoto na kitu hata kama raga itamkataa. Ulinganishe na ufadhili wa miezi 10 anaopewa kijana wa miaka 17 ambaye jina lake limeshaandikwa kwenye karatasi ya timu kabla hajakabidhiwa ratiba ya masomo. Yote mawili yanaitwa ufadhili. La kwanza ningelitetea popote. La pili ni kibarua kisicho na mshahara.

Kwa hiyo kanuni ninayoiona inafaa ni nyepesi kuieleza, ingawa kuisimamia ni kazi: shule isajili na kufadhili kadiri inavyoweza pale mwanafunzi anapoanza sekondari, na ufadhili huo usifutwe kwa kuumia au kwa kushuka kiwango. Baada ya hapo, anayehamia akiwa tayari amechezea kikosi cha kwanza kwingine akae nje ya kikosi cha kwanza msimu mmoja. Acheze timu ya pili, afanye mazoezi, asome. Familia iliyohama kweli, kwa kazi au msiba, itasikilizwa na jopo lisilo la shule yoyote husika. Mashindano kadhaa yana kanuni zinazofanana na hizi. Tatizo lake siku zote ni lilelile: anayeziamua ni kamati ya wakuu wa shule wanaoshindana wenyewe kwa wenyewe.

Na mtoto wa maskini anayechelewa kuiva, yule ambaye akiwa na 12 hakuonekana? Jibu lake haliko kwenye shule kubwa hata kidogo. Liko kwenye kuwepo kwa mlango wa pili. Leinster, timu ya jimbo huko Ireland, inajulikana kwa kuishi juu ya shule zake za kulipia; Blackrock peke yake imetwaa kombe la shule la jimbo zaidi ya mara 60. Lakini Tadhg Furlong alianzia klabu ya New Ross na Seán O'Brien akatokea Tullow, wote kupitia timu za vijana za klabu, na wote wawili wakaenda ziara za Lions, timu teule ya Visiwa vya Uingereza na Ireland. Ufaransa wameweka uzito zaidi kwenye klabu tangu mwanzo: Antoine Dupont aliujua mpira kwenye klabu ya kijijini kwao Castelnau-Magnoac, akapitia Auch, akafika Castres. Hakuna mkuu wa shule aliyehitaji kumwona. Nchi ambayo njia yake pekee ya kufikia timu ya taifa inapita kwenye lango la shule kumi itaendelea kuwategemea kina Mapimpi wajitokeze kwa bahati.

Nimesema mengi juu ya usajili, na huo ndio mtego wenyewe, maana mjadala wa raga ya shule hupenda kuishia hapo. Unaacha swali la kufundisha, ambalo ndilo lenye majibu mengi ya bei nafuu.

Chukua mazoezi ya chini ya miaka 14, Jumanne alasiri. Wavulana 30, foleni tatu za watu 10. Wa mbele anakimbia, anapokea pasi, anagonga mto unaoshikiliwa na mwenzake, anaanguka, anainuka, anarudi nyuma ya foleni. Kila zamu inachukua sekunde 12. Piga hesabu: mtoto anagusa mpira mara moja kila dakika 2, mara 10 katika dakika 20, na mara zote 10 amekimbia moja kwa moja kuelekea kitu kisichosogea. Kwa mbali inaonekana kazi inafanyika. Kuna jasho, kuna filimbi, kuna kocha anayepaza sauti. Ila hakuna mtoto aliyefanya uamuzi hata mmoja, na raga yote ni maamuzi.

Wagawe walewale 30 kwenye vichochoro vitano, kila kimoja upana wa meta 10. Watatu washambulie, wawili wazuie, mmoja apumzike na kuingia kwa zamu. Kila sekunde 20 au 30 wanaanza upya. Sasa mwenye mpira ana kitu cha kusoma: mlinzi wa ndani amenigeukia au bado anamtazama mwenzangu? Nikitoa pasi mapema, mlinzi atahama na kumfuata mwenzangu. Nikichelewa, nitaangushwa nao. Kocha mzuri hapa hasemi sana. Anasubiri shambulio life, kisha anamwita mvulana kando na kumwuliza: "Ulimwona nani?" Mara nyingi jibu ni "Sikumwona mtu yeyote, Kocha," na hapo wamepata kitu cha kufanyia kazi wiki nzima. Vichochoro vikizoeleka anavibana hadi meta 7, au anamwongeza mlinzi wa tatu anayechelewa sekunde mbili. Wazo hili si geni: Bunker na Thorpe wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, waliliandika mwaka 1982, kwamba mtoto aanze na mchezo wenyewe, aone tatizo, ndipo afundishwe ufundi unaolitatua. Zaidi ya miaka 40 imepita na bado nenda uwanja wowote wa shule Jumanne utakutana na zile foleni tatu.

Kocha anayepiga kelele kutoka pembeni kila sekunde, "Piga! Mbele! Toa! Teke!", naye ni ndugu wa zile foleni. Timu yake inaweza kushinda, kwa sababu yeye ana macho ya mtu mzima na wapinzani hawana. Mtazame kijana wake wa namba 10, mwongozaji wa mashambulizi, baada ya miaka minne ya malezi hayo, anapofika mahali ambapo kelele za mashabiki zinafunika sauti ya kocha. Anageuza kichwa kuelekea benchi.

Kuna pia ile tabia ya kumpa mtoto namba akiwa na miaka 12 na kumfunga nayo. Mnene anapelekwa propu, mstari wa mbele wa skramu. Kuanzia siku hiyo mazoezi yake ni kusukuma na kugonga, na pasi ni kazi ya wengine. Miaka mitano baadaye amenyooka, ni mwepesi, angefaa kuwa flanka, fowadi wa kukimbia pembeni mwa skramu, au hata senta, ila mikono yake imebaki ya miaka 12. Raga ya juu ya leo inadai propu anayeweza kuwa mpokeaji wa kwanza wa pasi na kuutoa mpira nyuma ya mgongo wa mwenzake. Furlong anafanya hivyo mbele ya dunia nzima. Hadi miaka 15 kila mvulana azungushwe, angalau namba tatu kwa msimu, na kocha aache kuogopa mechi atakazopoteza kwa ajili hiyo.

Usalama nao ni sehemu ya ufundishaji, ingawa huwekwa kwenye faili la daktari. Majeraha mengi ya raga hutokea kwenye kumwangusha mpinzani, na kichwa kikiwa mahali pasipofaa ndipo mambo huharibika. Kijana afundishwe akiwa amepiga magoti, polepole, kwamba shavu lake linagusa kalio la mpinzani na kichwa kiko nyuma, kamwe si mbele ya magoti. Kisha akiwa amechuchumaa, kisha akitembea, wiki baada ya wiki, hadi mwili wenyewe ukatae kuingia vibaya. Inachosha, na hakuna mzazi anayepiga picha. New Zealand walianzisha RugbySmart mwaka 2001, programu ambayo makocha walilazimika kuipitia kila mwaka. Katika miaka mitano ya kwanza ni jeraha moja tu la uti wa mgongo lililotokana na skramu, wakati mwenendo wa miaka iliyotangulia ulitabiri 9. Afrika Kusini wakafuata na BokSmart, 2009. Uingereza ilifanyika majaribio kwenye shule 40, na programu ya kupasha mwili ya dakika 20 hivi, ambayo sasa World Rugby, shirikisho la raga duniani, inaisambaza bure kwa jina la Activate: timu zilizoifanya mara tatu au zaidi kwa wiki zilikuwa na majeraha ya mechi pungufu kwa asilimia 72, na mitikisiko ya ubongo pungufu kwa asilimia 59. Hakuna kifaa cha kununua. Kinachotakiwa ni kocha kukubali kutoa dakika 20 za foleni zake.

Mtikisiko wa ubongo, kwa bahati mbaya, ndipo usajili na ufundishaji vinapokutana. Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2023 kwa michezo ya ngazi ya chini unataka mchezaji asirudi kwenye mashindano kabla ya siku 21. Siku 21 ni mechi tatu. Kama kijana yule uliletewa mwaka huu ili kushinda nusu fainali, na nusu fainali ni Jumamosi ya pili, kila mtu kwenye benchi ana sababu ya kuamini kwamba "aligongwa kidogo tu." Wenye nguvu ya kusema hapana ni wachache, na kijana mwenyewe, aliyeahidiwa kitanda na ada kwa ajili ya kucheza, ndiye wa mwisho atakayeisema. Vivyo hivyo kwa dawa: vipimo vya Craven Week vimekamata vijana wenye chembe za dawa za kujenga misuli zaidi ya msimu mmoja. Mtoto wa miaka 17 hajatafuta sindano kwa kupenda sindano. Ameambiwa na mtu kwamba kilo nane ndizo zinazomtenganisha na mkataba.

Tukitaka kocha afanye tofauti, mkuu wa shule abadilishe maswali anayomwuliza mwishoni mwa mwaka. Ya sasa ni mechi ngapi zimeshindwa na kombe liko wapi. Ningeweka haya: kati ya wavulana waliocheza raga wakiwa na miaka 13 hapa, wangapi bado wanacheza wakiwa na 18, timu yoyote ile? Kati ya 15 wa kikosi cha kwanza, wangapi walianza kidato cha kwanza hapa? Msimu huu wangapi walicheza wakiwa wameumia, na nani alitia saini? Majibu yawekwe kwenye tovuti ya shule, palepale penye picha ya kombe. Shule moja ikifanya hivyo itaonekana dhaifu mwaka wa kwanza, kwa sababu nyingine hazitafanya. Ndiyo maana inapaswa kuwa sharti la kuingia kwenye ligi, na anayelisimamia awe ni chama cha raga cha jimbo, ambacho hakina mtoto kwenye kikosi chochote.

Na wewe mzazi unayezungushwa kwenye uwanja mpya wenye taa na chumba cha mazoezi ya uzito, ukimaliza kuvutiwa, omba uonyeshwe timu ya tatu ya chini ya miaka 14 ikifanya mazoezi. Uliza kocha wake ni nani, amesomea wapi, na mwaka jana kocha wa timu hiyo alikuwa nani. Ukitajiwa jina bila kusitasita, na likiwa jina lilelile la mwaka jana, kaa uzungumze nao habari za ada. Wakikwambia inategemea ni mwalimu gani ana nafasi siku hiyo, utakuwa umeshajua zile fedha za taa zilichukuliwa kutoka wapi.